Kabla ya kuongeza kifurushi, fungua ukurasa wa ruta

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wengi wadogo wanaoendesha shughuli zao nyumbani hulipia intaneti kila mwezi kama wanavyolipia umeme na pango. Hata hivyo, ni wachache waliowahi kufungua ukurasa wa ndani wa ruta inayowagawia huduma hiyo. Fundi huileta, huitundika ukutani, taa zikawaka, na tangu siku hiyo kifaa hakiguswi ila kwa kuzimwa na kuwashwa pale mtandao unapogoma.

Mazoea hayo yana gharama mbili. Ya kwanza ni kasi iliyolipiwa ambayo haifiki kwenye simu na kompyuta. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni mlango unaoachwa wazi kuelekea fedha za mwenye biashara. Zote mbili huweza kupunguzwa kwa kazi ya jioni moja isiyohitaji mtaji.

Mwezi uliopita mjomba wa mwandishi wa makala haya, anayeuza spea za pikipiki kwa jumla kutoka nyumbani kwake Magomeni, Dar es Salaam, alikuwa tayari kupandisha kifurushi. Wateja wake wa mikoani humtumia oda na picha za spea kwa simu, naye huwarudishia ankara. Kila ifikapo alasiri picha hizo zilikuwa zikizunguka tu bila kufunguka, na mteja aliyechoka kusubiri alimpigia muuzaji mwingine.

"Mwanangu, nimeambiwa kifurushi changu ni kidogo," alisema. "Jumatatu naenda kuongeza."

"Subiri kwanza mjomba, tupime," alijibiwa.

Waya kwanza

Kipimo cha kuaminika ni kuunganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa, kisha kupima kasi. Kwa mjomba, laini ilitoa karibu megabiti zote anazolipia. Kompyuta ile ile ilipopelekwa stoo na kuunganishwa bila waya, kasi ilishuka chini ya moja ya tano. Kifurushi hakikuwa na kosa. Mzigo ulikuwa ukifika bandarini mzima na kupotea kati ya bandari na ghala.

Hapa inafaa kuondoa mkanganyiko mmoja wa vipimo. Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili huonyeshwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya megabiti 10 itachukua sekunde zisizopungua 80 kupakua faili la megabaiti 100. Mwenye kutarajia sekunde 10 atadhani ameibiwa, kumbe amechanganya kilo na debe.

Ikiwa hata kwa waya kasi ni ndogo, basi tatizo liko kwa kampuni au mbali zaidi. Tarehe 12 Mei, 2024, kwa mfano, kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom kulidhoofisha intaneti Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Siku ya namna hiyo hakuna mpangilio wa ruta utakaosaidia. Lakini ikiwa kwa waya ni sawa na bila waya ni mbovu, usilipe shilingi ya ziada kabla hujafungua ukurasa wa ruta.

Ukurasa huo hufunguliwa kwa kuandika kwenye kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya kifaa, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Namba hizi ni za kundi lililotengwa kwa mitandao ya ndani, ndiyo maana ruta yako na ya jirani huweza kuwa na namba ile ile bila kugongana. Kabla ya kubadili chochote, piga picha ukurasa ulivyo. Badili jambo moja, pima, ndipo uende la pili.

Masafa na chaneli

Ruta nyingi za sasa hutangaza kwa masafa mawili. Gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yana msongamano. Gigahezi 5 ni ya kasi na yana nafasi zaidi, lakini hudhoofika upesi yakikutana na ukuta wa tofali. Kompyuta ya mauzo iliyo chumba kimoja na ruta iende kwenye 5; simu ya stoo na printa ya zamani zibaki kwenye 2.4.

Katika masafa ya 2.4 chaneli zimepangwa kwa hatua ya megahezi 5, ilhali matangazo ya ruta moja huhitaji upana wa karibu megahezi 20. Kwa hiyo chaneli jirani huingiliana. Chaneli tatu tu, yaani 1, 6 na 11, hutosha kukaa pamoja bila kubanana. Aliyeweka chaneli 8 au 9 akidhani amejitenga na watu, kwa kweli anasumbuliwa na walio kwenye 6 na walio kwenye 11, naye anawasumbua wote. Programu za simu za kuchunguza mitandao ya jirani huonyesha ni chaneli ipi yenye watu wachache. Upana nao uachwe 20. Kuweka 40 katika mtaa uliosongamana ni kama kuegesha lori katikati ya uchochoro.

Ruta ya mjomba ilikuwa nyuma ya kabati la chuma, ikitumia chaneli 9. Ilihamishiwa kwenye korido, juu ya usawa wa kichwa, na kuwekwa chaneli 1. Stoo ikapata zaidi ya nusu ya kasi iliyopimwa kwa waya. Gharama ilikuwa misumari miwili.

Funguo mbili

Wengi hudhani ruta ina neno moja la siri. Yapo mawili. La kwanza ni la kuunganisha simu kwenye mtandao. La pili ni la kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio, na hili ndilo huachwa kama lilivyotoka kiwandani, mara nyingi "admin" kwa jina na "admin" kwa neno la siri. Mteja uliyempa neno la kwanza ili aangalie picha za bidhaa anaweza kujaribu la pili akiwa amekaa kwenye benchi lako. Uingereza iliona hatari hii kuwa kubwa kiasi cha kuitungia sheria: tangu tarehe 29 Aprili, 2024, ni marufuku kuuza huko vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye neno la siri moja la kiwandani kwa vyote. Sisi tunaonunua ruta za kila aina, nyingine zilizokwisha kutumika, inatubidi tujilinde wenyewe.

Katika ukurasa wa usalama chagua WPA3 ikiwa vifaa vyako vinaikubali, au WPA2 ya AES. Ukikuta WEP, iondoe leo. Ilitolewa mwaka 1997 na watafiti walionyesha udhaifu wake mwaka 2001. Zima pia WPS, ile njia ya kuunganisha kwa tarakimu nane. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huhakiki tarakimu hizo kwa mafungu mawili, na ya mwisho ni ya ukaguzi tu. Hivyo mdukuzi hahitaji kubahatisha mara mamilioni, bali mara 11,000 tu, kazi inayoweza kukamilishwa na kompyuta kwa muda wa saa. Kuficha jina la mtandao, ambako mafundi wengi hukupendekeza, hakumzuii mwenye nia mbaya.

Somo la Brazil

Mpangilio unaostahili kuangaliwa kwa makini kuliko yote na mfanyabiashara ni mstari mmoja mfupi ulioandikwa DNS. Kazi yake ni ya daftari la namba za simu. Unapoandika jina la benki yako, kompyuta haijui benki hiyo ilipo; huuliza DNS, nayo hurudisha namba. Anayeshika daftari hilo ndiye anayeamua jina la benki likupeleke wapi.

Mwaka 2011 wahalifu nchini Brazil walitumia kasoro iliyokuwa katika modemu za nyumbani kuingia kwenye kurasa zake za mipangilio kutoka mbali. Hawakuanzia kwenye kompyuta za watu. Walibadili mstari wa DNS, wakauelekeza kwenye seva zao zipatazo 40. Kwa mujibu wa kampuni ya usalama ya Kaspersky, modemu milioni 4.5 ziliathirika. Mwenye nyumba aliandika anwani sahihi, akaletewa ukurasa wa bandia, na siri zake za benki zikaenda kwa wengine. Aliyesafisha kompyuta yake hakupata nafuu, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa ukutani, ndani ya kile kisanduku chenye taa.

Mei 2018 kampuni ya Cisco ilieleza kuhusu programu hasidi iliyoitwa VPNFilter, iliyokuwa imeingia katika ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Walengwa hawakuwa benki wala mashirika makubwa peke yake; ruta za nyumbani na za ofisi ndogo zilikuwa humo.

Kutokana na matukio hayo, kuna hatua nne za kuchukua. Kwanza, angalia mstari wa DNS. Uwe umewekwa kupokea namba za kampuni yako moja kwa moja, au uwe na namba za huduma zinazojulikana, kama 8.8.8.8 ya Google, 1.1.1.1 ya Cloudflare au 9.9.9.9 ya Quad9. Ukikuta namba usizozifahamu, ipigie kampuni uulize kama ni zao. Pili, zima ruhusa ya kusimamia ruta kutoka nje ya nyumba. Tatu, tafuta ukurasa wa kusasisha programu ya ruta na uipakue kutoka kwa mtengenezaji. Ikiwa mtengenezaji ameacha kutoa masasisho ya aina hiyo, panga bajeti ya kifaa kingine. Nne, kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha ukurasa wa benki hakiaminiki, usibonyeze kuendelea. Onyo hilo huenda likawa mlinzi wako wa mwisho.

Ieleweke pia kwamba malipo ya kupiga nyota kwenye simu hayapiti kwenye ruta. Hupita kwenye mtandao wa kampuni ya simu. Anayeshuku ruta yake anaweza kufanya miamala kwa njia hiyo wakati akitafuta dawa.

Wageni, printa na kamera

Ruta nyingi huruhusu kufungua mtandao wa pili wa wageni. Wateja, mafundi, runinga na simu za watoto wakae huko; kompyuta ya hesabu, mashine ya kadi na printa vikae kwenye mtandao mkuu. Hakikisha umeweka alama inayozuia wageni kuona vifaa vya ndani, maana bila hiyo umetengeneza vyumba viwili visivyo na ukuta kati yao.

Kuna kero nyingine inayojulikana na kila mwenye duka: umeme unakatika, unarudi, na printa ya risiti haifanyi kazi tena. Foleni inarefuka huku muuzaji akizima na kuwasha kila kitu. Mara nyingi printa ni nzima. Ruta ilipowaka upya iligawa anwani upya. Printa iliyokuwa 192.168.1.20 ikapewa 192.168.1.23, na kompyuta inaendelea kutuma risiti kwenye namba ya zamani. Dawa ni ukurasa wa DHCP, mahali pa kuhifadhi anwani. Chagua printa kwenye orodha, ipe namba yake ya kudumu, hifadhi. Tangu hapo umeme ukatike mara ngapi, printa itarudi kwenye kiti chake. Kinasa picha cha kamera nacho kifanyiwe hivyo hivyo.

Kuhusu kamera, wafanyabiashara wengi hutaka kulitazama duka wakiwa safarini, na mafundi huwafungulia "mlango" kwenye ruta unaoelekea kwenye kinasa picha. Mlango huo haumjui mwenyewe. Yeyote duniani anaweza kuugonga. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilikusanya jeshi la kamera na ruta kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa.

Isitoshe, kwa wengi wanaotumia ruta za laini ya simu, kufungua mlango hakufanyi kazi kabisa. Kampuni huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Angalia ukurasa wa hali ya mtandao: ikiwa anwani yako ya nje inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, fundi anaweza kufungua milango mpaka kesho na hakuna atakayeingia, hata wewe. Usimlipe kwa kazi hiyo. Tumia programu ya mtengenezaji wa kamera yenye neno la siri imara, au uulize kampuni bei ya anwani ya nje ya kudumu. Wanaofikiria njia ya VPN wakumbuke kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka watumiaji kutoa taarifa zao, hivyo waulize utaratibu kwanza. Zima pia UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia milango bila kumuuliza mwenye nyumba.

Nani atangulie

Baada ya haya, mtandao wa mjomba uliendelea kukwama kidogo nyakati za jioni. Sababu iligundulika kuwa kamera zake, zilizokuwa zikipakia picha nje muda wote. Laini nyingi za nyumbani hupakua haraka kuliko zinavyopakia, na upande wa kupakia ukijaa, hata upakuaji huzorota, kwa sababu kila mzigo unaoingia hudai stakabadhi ya kupokelewa irudishwe kwa mtumaji. Stakabadhi zikikwama kwenye foleni, mizigo nayo husimama.

Ukurasa wa kipaumbele, ambao kwenye ruta nyingi huitwa QoS, hutatua jambo hili. Panga kompyuta ya mauzo na simu ya oda zitangulie, kamera zifuate nyuma. Ruta itakuuliza kasi ya laini. Andika kidogo chini ya ile uliyopima. Kama laini hupakia megabiti 5, andika 4.5. Ukiandika zaidi, foleni itajengeka nje ya ruta, ambako huna mamlaka nayo.

Hesabu ya mwisho

Tuchukue mfano. Anayelipa shilingi 100,000 kwa mwezi akipandishwa hadi 150,000 ameongeza matumizi ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Ikiwa kipimo cha waya kinaonyesha laini yake inatosha, fedha hiyo inanunua kasi itakayoishia nyuma ya kabati lile lile la chuma. Ingefanya kazi zaidi ikiwa imekaa kwenye bidhaa.

Mwenye jioni moja tu aanze na yale yanayogusa fedha: neno la siri la ukurasa wa mipangilio, mstari wa DNS, usimamizi wa mbali, WPS, na sasisho la programu. Kesho yake ahamie kwenye mtandao wa wageni na anwani ya printa. Chaneli na kipaumbele vifuate. Akimaliza, ahifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta, kwani ruta nyingi zina kitufe cha kufanya hivyo, na aandike kwenye karatasi alichobadili na tarehe.

Mjomba hakuongeza kifurushi Jumatatu ile. Aliandika namba za printa, chaneli na maneno mapya ya siri kwa kalamu ya wino katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake la wadaiwa, analolifungia kwenye kasha kila jioni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi sehemu ya mali hiyo imo ndani ya ruta.